Redio ya kuzungusha kwa mkono isisahaulike

Huku Kapsoit, kabla stima haijafika kila boma, betri za redio zilikuwa mzigo kwa mchuma chai. Zikiisha nguvu tulizianika juani, angalau tupate taarifa ya habari ya jioni. Trevor Baylis, Mwingereza, alipata wazo la redio ya kuzungusha kwa mkono mwaka 1991 baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika: watu walihitaji habari, na betri hazikununulika. Unakaza springi kwa mkono. Ikilegea polepole inazungusha dainamo ndogo, na redio inaongea karibu nusu saa. Miaka ya 1990 zikaanza kuundwa Cape Town. Zilikuwa kubwa na nzito, lakini kwangu huo ni ufundi uliomheshimu maskini. Redio ndogo za leo zenye tochi, sola na mkono wa kuchajia simu zinafuata wazo lilelile. Aliye na ile ya zamani tafadhali asiwauzie watu wa vyuma chakavu. Aipeleke shuleni, wanafunzi wa fizikia waifungue wajionee.