GARI KUUKUU SI CHUMA CHAKAVU

Kuna gari la Kimarekani liitwalo Cadillac Eldorado. Jina lake lakaribiana na la mji wetu wa Eldoret lakini hapana udugu wowote. El Dorado ni ile nchi ya dhahabu ya kubuni waliyoitafuta Wahispania, na mji wetu wazee waliuita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64.

Eldorado ninayotaka tuizungumzie ni ile ya mwaka 1959, ya paa la kukunjwa. Zilitengenezwa 1,320 pekee. Urefu wake ni kama mita 5.7, na nyuma ina mapezi mawili marefu kama ya papa, yenye taa nyekundu zilizochongoka mfano wa risasi. Ukibonyeza swichi, paa lajikunja lenyewe nyuma ya viti. (Kwa mvua na baridi ya Kaptagat, sijui nani angethubutu!) Ikiwa mpya iliuzwa dola 7,401. Siku hizi iliyofufuliwa vizuri huuzwa kwa wakusanyaji kwa zaidi ya dola 100,000, yaani karibu shilingi milioni 13 za Kenya. Ukimhesabu ng'ombe wa gredi kwa shilingi 150,000, hao ni ng'ombe zaidi ya 80, na gari lenyewe halikamuliwi.

Wenzangu wakisikia hivyo husema ati Wazungu wana pesa za kuchezea. Sikubaliani nao. Katika somo la Biashara tunafundishwa kwamba gari hupoteza thamani kila mwaka. Mbona basi hili limepanda? Uchache wake umechangia, ndiyo, lakini gari lililooza kwa kutu haliwezi kupata bei hiyo hata likiwa moja tu duniani. Lazima kwanza lipite mikononi mwa fundi.

Hebu fikirieni kazi yenyewe. Bodi hung'olewa kwenye chesisi. Kila nati hufunguliwa na kuwekewa alama, la sivyo utakuja kukesha ukiitafuta. Kutu hukwanguliwa, palipotoboka hukatwa na kuchomelewa bati jipya, kisha bodi hunyooshwa kwa nyundo polepole mpaka mkono ukipita juu yake usisikie bonde wala kilima. Rangi hupigwa, husuguliwa kwa msasa wa maji, hupigwa tena. Injini nayo hushushwa na kufunguliwa yote. Fundi wa viti hukata ngozi na kuishona upya, na vyuma vya kung'aa hupakwa kromu. Kazi kama hii yaweza kumaliza miaka.

Sasa niambieni, ni ipi kati ya kazi hizo isiyofanywa na mafundi wa jua kali pale Eldoret? Mtu huletewa matatu iliyobingiria, imepondeka kama kopo, na baada ya siku chache inarudi barabarani. Lakini sisi shuleni twamwonaje mtu huyo? Mwanafunzi akianguka mtihani huambiwa, "Wewe utaenda kuwa makanika." Kwani makanika ni adhabu?

Hapa kwetu Kenya wapo waliokwisha kuona faida ya magari ya zamani. Tangu mwaka 1970 kumekuwa na mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, ambapo waamuzi huchungulia hata chini ya gari kutafuta tone la oili. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya Safari Classic, ya magari ya zamani yanayokimbizwa kwenye vumbi na matope. Jirani zetu wa Tanzania wameiweka katika makumbusho ya Dar es Salaam ile Rolls-Royce iliyomchukua gavana wa Mwingereza na baadaye Mwalimu Nyerere.

Nasi tuna zetu. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndiyo iliyowabeba wazazi wetu kwenda Nakuru na kurudi, abiria wamebanana kama dagaa. Ziko wapi? Pitia mashamba ya huku utaiona moja nyuma ya ghala, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Kando yake kuna Land Rover isiyo na magurudumu. Siku ada ikikosekana, mnunuzi wa vyuma huja na mizani yake, gari likakatwakatwa na kuuzwa kwa kilo. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na reli, kisha ikaifungua tena.

Simlaumu mzazi anayeuza, kwani ada ni ada. Ninachosema ni kwamba huuza bila kujua alichonacho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia. Na wala sisemi tuagize Cadillac. Sheria yetu hairuhusu mitumba iliyozidi miaka 8, na usukani wa Mmarekani uko kushoto.

Ombi langu ni kwa walimu walezi wa chama chetu. Mwaka ujao ziara yetu iwe ya kwenda kwa mafundi wa Eldoret, tukiwa na daftari, tuwaulize kila kifaa na kila kazi wanaiitaje, kisha msamiati huo tuuchapishe katika jarida hili. Wanaojua 504 kwa kuigusa tu wanazeeka, na vijana wanaojifunza kwao ni wachache.