Tarakimu ya Sukari na Kidonge cha Homa

Mgonjwa wa kisukari aliyeshikwa na homa humeza vidonge viwili vya parasetamoli, na baada ya saa moja hutazama kihisi cha sukari kilichobandikwa mkononi mwake. Tarakimu imepanda. Ikiwa kihisi hicho ni cha aina inayopotoshwa na dawa hiyo, huenda sukari ya damu haijaongezeka hata kidogo; kilichoongezeka ni parasetamoli. Akijidunga insulini kwa kuifuata tarakimu hiyo, sukari yake halisi yaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Wazo la elektrodi yenye kimeng'enya lilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Katika vihisi vingi vilivyofuata, kimeng'enya huigeuza glukosi, na katika tendo hilo hutokea hidrojeni peroksaidi. Elektrodi huipokonya peroksaidi hiyo elektroni kwa msukumo wa takribani volti 0.6, na mkondo wa umeme unaopatikana hutafsiriwa kuwa kiwango cha sukari. Lakini elektrodi haibagui inayempokonya. Vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli nazo hutoa elektroni kwa msukumo wa kiasi hicho, na mkondo wake huingizwa katika hesabu ile ile ya sukari.

Ndiyo sababu wanakemia walikimbilia polima yenye florini inayopitisha ioni. Nafion, iliyobuniwa na Walther Grot wa kampuni ya DuPont mwishoni mwa miaka ya 1960, ina uti wa mgongo kama wa Teflon inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, ila umepachikwa matawi yenye asidi ya salfoniki. Uti huo haudhuriwi kwa urahisi na kemikali. Matawi hubeba chaji hasi, nayo huziachia njia ioni zenye chaji chanya. Maabara huinunua mara nyingi ikiwa myeyusho wa asilimia 5 katika maji na alkoholi, ingawa mkemia makini atanung'unika kusikia neno myeyusho, kwa kuwa chembe zake huelea zaidi kuliko zinavyoyeyuka. Tone moja huwekwa juu ya elektrodi, likikauka huacha utando mwembamba. Utando huo ukipashwa moto huwa imara zaidi, lakini moto mkali huua kimeng'enya kilicho chini yake.

Kazi yake si haba. Mwaka 1984 Greg Gerhardt, Ralph Adams na wenzao walionyesha kwamba elektrodi iliyopakwa Nafion huweza kupima dopamini katika ubongo wa panya: dopamini, yenye chaji chanya, hupita, vitamini C, iliyo tele ubongoni na yenye chaji hasi, husukumwa mbali. Katika kihisi cha sukari, asidi ya yuriki nayo husukumwa vivyo hivyo. Peroksaidi haina chaji, hivyo hupita, kama inavyotakiwa. Kwa bahati mbaya, parasetamoli ikiwa ndani ya damu haina chaji pia. Mlango unaochuja kwa chaji hauna sababu ya kumkaribisha mgeni mmoja na kumfukuza mwenzake.

Watengenezaji wameongeza tabaka zinazochuja kwa ukubwa wa molekuli, au wamepunguza volti. Baadhi ya vihisi vipya huvumilia parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, lakini si zaidi ya hapo. Vingine havisumbuliwi na parasetamoli bali huyumbishwa na vitamini C ya dozi kubwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama kifaa ni kizuri, bali kinapotoshwa na nini, na kwa dozi gani.

Jibu hilo limeandikwa katika kijitabu cha kifaa, aghalabu kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni. Hilo halifai. Kifaa kinachouzwa kwa msomaji wa Kiswahili kinastahili kutaja dawa hizo kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, pamoja na onyo kwamba parasetamoli imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Wapo watakaosema kwamba maneno hayo yatamfanya mgonjwa akiogope kifaa chake au aache dawa ya homa. Hofu hiyo haina uzito. Mgonjwa hatakiwi kuacha parasetamoli, wala kukitupa kihisi. Anatakiwa kujua kwamba kwa saa kadhaa baada ya kumeza dawa, tarakimu isiyolingana na hali yake ihakikishwe kwa kipimo cha njia nyingine kabla ya kuongeza insulini.

Kliniki nazo zina fomu za kurekodi sukari zenye nafasi ya saa, chakula na insulini. Nafasi ya dawa alizomeza mgonjwa siku hiyo inahitaji mstari mmoja tu wa kalamu.