Husuni Kubwa ya Kilwa na Mji Wake



Hivi karibuni tuliwavusha wanafunzi wetu wa madrasa kwa feri, tukawapeleka Ngomeni. Walipokwisha kuelezwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, binti mmoja akatuuliza: "Sheikh, kabla ya Wareno, sisi hatukuwa na ngome?" Suali hilo lastahiki jawabu la kutulia, na jawabu lenyewe liko Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania.

Huko, juu ya jabali linalotazama bahari, nje kidogo ya mji wa kale, yamesimama magofu ya Husuni Kubwa. Jina latokana na neno la Kiarabu hisn, yaani ngome, ingawa kwa hakika lilikuwa kasri zaidi kuliko boma la vita. Mwenyewe alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba vyake vyapita mia moja, vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mna birika la maji lenye pembe nane. Lakini kinachotushughulisha zaidi ni ule ua mpana wa kusini, uliozungukwa na ghala. Sultani alikuwa mfanyabiashara pia. Alipolala ndipo alipoweka bidhaa. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa kabla ya kwenda Bara Arabu na Bara Hindi, na pembe za ndovu kadhalika. Kutoka ng'ambo zikaja nguo, shanga na vyombo vya kaure vya Uchina. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa hata Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Na mjini, Msikiti Mkuu aliupanua yeye, akauezeka kwa kuba.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika huko. Njiani alilala usiku mmoja Mombasa yetu, akaandika kuwa watu wake ni wacha Mungu, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vya kuoshea miguu. (Kina mama wanaohimiza watoto kuosha miguu kabla ya kuingia ndani wana ushahidi wa karne nyingi!)

Kilwa alimkuta sultani ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Asimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kusali, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Kisa hiki kimesomwa mimbarini mara nyingi, nasi tumekisoma, kama mfano wa ukarimu. Safari hii tulikisimulia kwa wale watoto, na binti yule yule akauliza: "Na wale watumwa, majina yao nani?" Ibn Battuta hakuyaandika. Aliandika tu kwamba sultani alikuwa akipiga vita nchi za bara, akateka, kisha akatenga khumsi kwa hesabu ya Qur'ani na kuwagawia masharifu. Twamsifu aliyevua nguo zake mwenyewe akampa mwombaji. Ile ilikuwa mali yake. Wale ishirini walikuwa wana wa watu, pengine wa mama waliobaki bara wakingoja. Hatuoni tena njia ya kusoma nusu ya kwanza kwa sauti na ya pili kwa kunong'ona, hasa hapa pwani, ambako vizazi vya wote wawili, mtoaji na aliyetolewa, hupanga safu moja msikitini.

Baada yake akatawala nduguye Daud, ambaye mwombaji akimjia humjibu kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Kasri lenyewe halikukaliwa muda mrefu. Ghala zikabaki tupu, biashara ikaendelea mjini.

Habari za mwaka 1505, Wareno walipoishukia Kilwa na kujenga ngome yao, tutazileta juma lijalo inshallah.