Kusubiri nako kuna bei

Laptopu inapotoka ikiwa imeboreshwa, mnunuzi hupewa ushauri uleule bila hata kuuomba: subiri. Subiri bei ishuke, subiri toleo la mwakani, subiri tuone tetesi zinasemaje. Ushauri huu una sura ya busara, na mvumilivu hula mbivu ni methali ambayo kila mtu anayo mdomoni. Katika jambo hili, lakini, nadhani unapotosha. Majuma machache baada ya mashine kuboreshwa ndiyo kipindi ambacho kusubiri kuna faida ndogo kuliko kipindi kingine chochote, kwa kuwa toleo lifuatalo bado liko mbali, na kila mwezi unaopita unakula umri wa mashine ileile utakayokuja kuinunua.

Tuitazame MacBook Air ya Apple, kwa sababu mwenendo wake unajulikana na bei zake hutangazwa hadharani. Toleo lenye chipu ya M1 lilitoka Novemba 2020 kwa dola 999 za Marekani. La M2 likafika madukani Julai 2022, na bei yake ya kuanzia ikawa dola 1,199. La M3 lilikuja Machi 2024 kwa dola 1,099, na la M4 Machi 2025 likairudisha bei kwenye 999. Kwa hiyo aliyeiacha M1 akitumaini toleo lijalo litakuwa nafuu alingoja zaidi ya mwaka na nusu, kisha akakuta bei imepanda kwa dola 200. Si hilo tu. M2 ya bei ya chini, yenye hifadhi ya GB 256, iliwekewa chipu moja ya kuhifadhia data mahali pa mbili, na kunakili mafaili makubwa kukawa kwa polepole kuliko kwenye M1 iliyoitangulia. Aliyesubiri alilipa zaidi, na kwa kazi hiyo moja akapata pungufu.

Hata pale bei inaposhuka kweli, hesabu haiishii hapo. Mashine ya dola 999 ikitumika miaka mitano inamgharimu mwenyewe kama dola 17 kwa mwezi. Akikaa miezi sita ili apunguziwe dola 100, punguzo hilo linalingana na gharama ya miezi sita ambayo hakuwa na mashine. Tena siku ambayo kampuni itaacha kuipelekea masasisho ya usalama haisogei mbele kwa sababu yeye amechelewa kununua. Kwa kawaida huendana na umri wa toleo, si na tarehe ya risiti yake. Amelipa pungufu kwa sababu amepata pungufu. Na hapo hatujagusa hasara ya kubaki na ile ya zamani. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye betri imemfia, waya wa chaji ameubana kwa kitabu ili usiachie, hupoteza kurasa za tasnifu kila umeme ukikatika. Mwandishi au mhasibu anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza, naye hupoteza fedha kabisa. Hasara ya namna hii haina stakabadhi, ndiyo maana hatuiweki kwenye hesabu. Kama mashine uliyonayo ni nzima na unachotaka ni upya tu, basi hayo hayakuhusu. Keti usubiri, hupotezi kitu.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na inatoka kwenye MacBook Air hiyohiyo. Machi 2020 Apple iliiboresha Air: kibodi mpya, bei ya kuanzia imeshuka, ndani kuna prosesa ya Intel. Miezi minane baadaye M1 ikatoka. Ilikuwa na kasi kubwa zaidi, chaji yake ilidumu zaidi, na haikuwa na feni. Septemba 2025 tofauti ikazidi kuonekana, kwani mfumo wa macOS Tahoe uliikubali Air ya M1 ukaiacha ile ya Machi. Je, mnunuzi wa Machi hakupaswa kusubiri? Kwa tunayoyajua leo, alipaswa. Lakini Machi hakuwa na cha kumwongoza zaidi ya tetesi. Apple ilitangaza rasmi kwamba inaachana na Intel tarehe 22 Juni mwaka huo, ikasema mashine za kwanza zitatoka kabla ya mwaka kwisha. Kuanzia siku hiyo kusubiri kukawa na maana, kwa sababu mabadiliko yalikuwa ya aina ya mashine yenyewe, yametangazwa na kampuni yenyewe, na muda wake unajulikana. Hapo ndipo ninapochora mstari. Ongezeko la kasi la kila mwaka halistahili kungojewa. Badiliko la namna ile linastahili, likishatangazwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kampuni hazitangazi mapema, hivyo tetesi ndizo tulizonazo. Ni kweli hazitangazi, na zina sababu. Kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyouza moja ya kompyuta za kwanza za kubebeka mwaka 1981, ilifilisika Septemba 1983, na hadi leo wengi husimulia kwamba iliponzwa na kuzungumzia mashine zijazo kabla ya kumaliza kuuza zilizopo. Lakini ukimya wa muuzaji haugeuzi uvumi kuwa habari. Oktoba 2024 Apple iliongeza kumbukumbu ya Air za M2 na M3 kutoka GB 8 hadi 16 bila kuongeza bei, na wengi walionunua Septemba waliumia, maana kumbukumbu hiyo haiongezwi baadaye. Sawa. Ila anayepanga matumizi yake kwa kutarajia zawadi ya namna hiyo anacheza bahati nasibu.

Kwa anayepokea mshahara kwa shilingi, bahati nasibu hiyo ina tiketi ya pili. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya; Januari 2024 ikakaribia 160; katikati ya mwaka huo ikarudi kwenye 130 hivi. Mashine ya dola 999, kabla ya kodi na usafiri, ilitoka shilingi 123,000 ikafika karibu 160,000, kisha ikashuka tena hadi 130,000. Mtikisiko huo unameza punguzo lolote ambalo kampuni ingetoa. Uliwaumiza waliosubiri 2023, ukawafaidi waliosubiri Januari 2024, na hakuna kati yao aliyejua mapema.

Wengi wetu hata hivyo hatununui kitu kipya. Tunanunua ThinkPad, EliteBook au Latitude zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya, kwenye maduka ya Luthuli au Kariakoo. Huko cha kuangalia ni umri uliobaki. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa kawaida wakapewa nafasi ya kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi. Windows 11, kwa masharti rasmi, huzikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine mbili zinaweza kukaa rafu moja, ganda na rangi vilevile, moja imebandikwa i5-7300U na nyingine i5-8350U. Soma tarakimu inayofuata kistari: saba au nane. Mwenye duka akikupunguzia bei ya ile ya saba, anakupunguzia kwa sababu sasa hata wewe unaijua tofauti hiyo.

Imebaki hofu ya toleo la kwanza kuwa na kasoro, na sitaki kuidharau. Kibodi nyembamba ambazo Apple ilizitia kwenye MacBook Pro mwaka 2016 zilikwama kwa vumbi, herufi zikajirudia au zikakataa kabisa, mpaka Juni 2018 kampuni ikafungua mpango wa kuzitengeneza bure. Lakini aliyejihami kwa kungoja mwaka mzima alinunua toleo la 2017 lenye kibodi ya jamii ileile, na za 2018 hazikuwa zimeiacha. Muundo ulibadilishwa Novemba 2019. Kilichomfaa mnunuzi kilikuwa kuwasikiliza walionunua mwanzo, na kwa hilo mwezi mmoja au miwili inatosha.