Programu bora za afya tayari zimo kwenye simu yako

Siku hizi wasomaji wengi wananiuliza swali ambalo halihusu dawa wala chakula. Linahusu simu: "Daktari, nipakue programu gani ya afya?" Mmoja anataka ya kupima presha, mwingine ya kuhesabu siku za hatari, mwingine ya kumwambia mtoto anaumwa nini kabla hajatoa nauli ya kwenda hospitali.

Jibu langu huwakatisha tamaa wengi. Nawaambia wasipakue kitu kwanza. Programu ninazozipenda, ambazo nimeona zikiwasaidia wagonjwa na wazazi, ni zile zilizokuja na simu ulipoinunua: alamu, kamera, kalenda na saa ya kupimia muda. Hazili bando, hazina matangazo, na nyingine zimo hata kwenye kitochi. Kwa kuwa haziitwi programu za afya, tunazipita tukaenda kutafuta mbali kilichopo mkononi. Wiki hii naomba tuzitazame moja baada ya nyingine, kisha nikueleze kwa nini nina hofu na zile zinazojitangaza sana.

Alamu

Ukiandikiwa dawa 1x3, maana yake si asubuhi, mchana na jioni kwa kadiri utakavyokumbuka. Maana yake ni kila baada ya saa 8. Ukimeza saa 12 asubuhi, inayofuata ni saa 8 mchana, na ya mwisho saa 4 usiku. Wengi humeza ya asubuhi baada ya chai saa 4, ya mchana saa 8 na ya jioni saa 12, halafu mwili unakaa saa 16 bila dawa. Vijidudu hupata nafasi ya kujipanga upya.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ndiyo inayonihangaisha zaidi. Ina dozi 6 kwa siku 3, na dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mtoto akianza saa 2 usiku, dozi ya pili ni saa 10 alfajiri, wakati nyumba nzima imelala. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Siku ya pili homa inashuka, mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini kusubiri homa nyingine. Weka alamu zote 6 siku ileile uliyopewa dawa, ukiwa bado na hofu ya homa. Usizifute mpaka iite ya mwisho.

Kwa wanaotumia dawa kila siku, kama za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV, alamu moja ya kudumu inatosha. Kama unaishi na watu usiopenda wajue habari zako, ipe alamu jina lisilo na maana kwao. Iite "maji", au jina la timu yako. Wewe utajua inakukumbusha nini.

Kamera

Mgonjwa anapoingia nikamuuliza anatumia dawa gani, jibu la kawaida ni "vidonge fulani vyeupe, vidogo." Vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno duniani. Piga picha kila boksi la dawa unayotumia, upande wenye jina na nguvu ya dawa. Piga picha ya cheti cha daktari, majibu ya maabara na kadi ya kliniki ya mtoto, kila ukurasa ulioandikwa. Kadi hulowa, hupotea wakati wa kuhama, na panya hawaijui thamani yake. Nyumba ikiingia maji, picha inaweza kuwa kumbukumbu pekee ya chanjo za mtoto iliyobaki.

Kamera pia inaona kile ambacho mimi nisingekiona. Upele unaotokea usiku na kutoweka asubuhi, piga picha kwenye mwanga mzuri. Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi akiwa usingizini, mrekodi video ya dakika moja. Mtu anayepata degedege au kifafa, mmoja wenu amhudumie na mwingine arekodi. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Video hiyo inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu inaonyesha mikono ilichezaje, macho yalielekea wapi na tukio lilichukua muda gani.

Sisi tuliovuka miaka 40 tunaifahamu kazi nyingine ya kamera. Maandishi ya boksi la dawa yamekuwa kama miguu ya siafu. Lenga kamera, vuta picha iwe kubwa, usome. Ni bora kuliko kukisia kati ya chupa mbili zinazofanana.

Ila kuna tahadhari moja. Picha ya mwili wa mtoto au majibu yako ya maabara si ya kundi la WhatsApp la ukoo. Zifungie kwenye simu yenye namba ya siri na umwonyeshe anayekutibu.

Saa ya kupimia muda

Hapa nazungumza na wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto ana kikohozi na homa, unajiuliza kama ni mafua au nimonia. Mngoje atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo, washa saa ya simu, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwani watoto hupumua bila mpangilio.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango ambavyo wahudumu wa afya wanavitumia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 ni 40 au zaidi. Akifika hapo, mpeleke kituo cha afya leo, usisubiri kesho. Usipoteze muda kuhesabu kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mbebe uondoke.

Saa hiyohiyo itumie kwenye degedege. Ukiwa na hofu, dakika moja huonekana kama kumi. Tukio likipita dakika 5 bila kukoma ni dharura kubwa, na daktari atataka kujua muda kamili. Hata likikoma mapema, mtoto mwenye homa aliyepata degedege lazima afike hospitali, kwani malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo pia.

Kalenda

Kina mama, tarehe ninayoihitaji sana ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Iandike kila mwezi kwenye kalenda ya simu. Ukiwa mjamzito, ongeza siku 7 na miezi 9. Hedhi iliyoanza Januari 10 inatupa matarajio ya kujifungua Oktoba 17. Ni makadirio, lakini bila tarehe hiyo tunashindwa kujua kama mtoto ametimiza wiki zake au anakuja kabla ya wakati.

Mtoto akishazaliwa, kaa na kadi ya kliniki uziingize tarehe zote za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Ile ya mwezi wa 18 ndiyo rahisi kusahaulika, kwa sababu mtoto anakimbia, mama amerudi kazini, na hakuna anayekumbuka kliniki. Weka ukumbusho siku 2 kabla, upate nafasi ya kuomba ruhusa kazini.

Kwa nini siziamini zile nyingine

Kuna mama aliyekuja kliniki akilalamika kichwa na macho kuona ukungu. Alikuwa ameacha dawa za presha kwa zaidi ya mwezi, kwa kuwa programu aliyopakua ilimwonyesha 120/80 kila alipoweka kidole kwenye kamera. Mashine yetu ilisoma zaidi ya 190 kwa 110. Nilimwomba aipime tena kwa simu palepale mbele yangu. Simu ikasema 118/79.

Si yeye peke yake duniani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha katika jarida la JAMA Internal Medicine matokeo ya kuipima programu iliyoitwa Instant Blood Pressure, iliyokuwa maarufu sana wakati huo. Kati ya watu waliokuwa na presha ya juu, zaidi ya robo tatu waliambiwa na programu hiyo kuwa hawana. Mwaka huohuo tume ya Marekani inayolinda walaji iliibana kampuni iliyoiuza kwa madai yake ya usahihi. Programu hiyo iliondoka sokoni, lakini ndugu zake bado wapo, na wengine wamejiandika kwa herufi ndogo kwamba ni za burudani tu.

Elewa tofauti hii. Mwanga wa kamera ukipita kwenye kidole unaweza kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu rangi ya ngozi hubadilika kidogo damu inapopita. Presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa, na kwa nyumbani bado tunahitaji mashine yenye mkanda unaobana mkono. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili, kisha andika namba kwenye simu. Hapo simu imefanya kazi yake, nayo ni kutunza kumbukumbu. Huna mashine? Pima kituo cha afya, lakini usiache dawa bila kuzungumza na anayekutibu.

Vivyo hivyo kwa programu za siku za hatari. Nyingi zinakisia kwa tarehe tu, wakati yai huweza kuwahi au kuchelewa ukiumwa, ukisafiri au ukinyonyesha, na mbegu za kiume huishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Itumie kama daftari la hedhi. Usiifanye njia ya uzazi wa mpango.

Ile ya kuhesabu hatua sina ugomvi nayo. Nakuomba tu usihuzunike usipofikisha 10,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, maana yake "kipimo cha hatua 10,000". Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa siku 5 kunakufikisha hapo.

Fanya haya leo usiku

Usiache gazeti hili kabla hujafanya mambo matatu. Kwanza, piga picha kadi za watoto na dawa zote unazotumia. Pili, fungua mipangilio ya simu, tafuta taarifa za dharura, ujaze jina la dawa unazotumia, dawa inayokudhuru, ugonjwa ulio nao na namba ya ndugu wa kupigiwa. Kwenye simu nyingi taarifa hizo husomeka hata simu ikiwa imefungwa. Ukianguka njiani, wanaokuokota watajua pa kuanzia. Tatu, hifadhi namba mbili zisizo na malipo kwa aliye Tanzania: 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, na 115, ya m-mama, kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga.

Hayo yote hayazidi nusu saa. Baada ya hapo, tangazo likikuahidi kukupima mwili mzima kwa kidole, jiulize swali moja: likikosea, nani ataumia? Aliyeitengeneza hatakuwepo kitandani pako. Kama kuna dalili inayokutia wasiwasi, ile simu uliyonayo ina kazi moja ya zamani kuliko zote ambayo bado naiamini. Ipige, uzungumze na mhudumu wa afya.