Kimya cha Shuleni Si Amani



Kila mwaka, tarehe 1 Desemba inapokaribia, parokia zetu hutayarisha nyimbo na vitenge kwa ajili ya sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite. Tunasimulia jinsi alivyouawa huko Isiro mwaka 1964, kwa sababu ofisa mmoja wa waasi wa Simba alimtaka naye akakataa. Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 15 Agosti 1985, siku Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Hata vikundi vya vijana vimebeba jina lake.

Sikukuu inapita, siku za kazi zinarudi. Mwalimu kijana wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi anaingia katika ofisi ya mkubwa wake kuulizia barua yake ya kazi. Anaambiwa kwamba barua iko tayari, ila aje kuichukua jioni, nyumbani, na asije na mtu. Asipokwenda, wiki inayofuata ananyang'anywa darasa lake na kupewa lingine ambamo watoto ni wengi kuliko mabenchi. Wiki ya pili anakaripiwa uwanjani mbele ya wanafunzi waliojipanga mistari. Akithubutu kumweleza mtu, anajibiwa: vumilia, binti yangu, usilichafue jina la shule. Na wanaomjibu hivyo ni sisi, sisi tulioimba siku ya sikukuu.

Basi tunauliza bila kuzunguka: tunamheshimu Anuarite kwa sababu alikataa, au kwa sababu amekwisha kufa na hawezi tena kutusumbua kwa malalamiko yake?

Msimamo wetu ni huu. Mfanyakazi wa shule hapaswi kuwa mfiadini ili abaki na kazi yake. Ulinzi wake hautegemei ujasiri wake mwenyewe. Ni wajibu wa wale walio na mamlaka juu yake, na wajibu huo unaanza kabla ubaya haujatendeka. Shule isiyo na kanuni juu ya jambo hili imekwisha kuchagua upande, hata kama haijui.

Tunaposema mfanyakazi wa shule, hatumtaji mwalimu wa kike peke yake. Tunamtaja mlinzi wa usiku anayetumwa kulima shamba la mkubwa wake bila malipo, naye anakwenda kwa kuogopa kufukuzwa. Tunamtaja mama anayefagia madarasa, ambaye kila mtu anajiona ana ruhusa ya kumtania kwa maneno ya aibu. Tunamtaja karani anayeshikwa bega kila anapopeleka karatasi zitiwe sahihi. Tunamtaja mwalimu wa kiume anayedhihakiwa katika kila mkutano kwa sababu aliuliza fedha za shule zilikokwenda, na yule ambaye mzazi mwenye cheo anaingia darasani kumtukana mbele ya watoto. Sura ni nyingi, lakini jambo ni moja: kuutumia unyonge wa mtu kazini ili kumvunjia heshima, au kumtoza kitu ambacho hadaiwi.

Kwa nini ubaya huu unapata nafasi kubwa hivi katika shule zetu? Wengi hujibu kwamba maadili yameharibika. Jibu hilo ni rahisi mno. Tazameni kwanza karatasi.

Mwalimu mpya anapoanza kazi, mara nyingi Serikali bado haimlipi. Tunamwita N.U. Anafundisha, anasahihisha madaftari, anafanya mitihani kama wenzake, lakini jina lake haliko kwenye listi ya mishahara. Wapo waliongoja miezi, wapo waliongoja miaka. Ili jina hilo lifike Kinshasa, lazima kwanza lipite mezani pa mkuu wa shule. Yeye ndiye anayeshuhudia kwamba mwalimu yupo kazini, anayegawa madarasa, anayeandika maoni juu ya tabia yake. Zamani wazazi walimsaidia mwalimu huyo kwa ile prime. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama inavyotakiwa na kifungu cha 43 cha Katiba. Watoto wengi walirudi darasani, nasi tulifurahi. Lakini mwalimu wa N.U. wa shule ya msingi alipoteza prime kabla ya kupata mshahara. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea sahihi ya mtu mmoja hawezi kukataa kwa sauti ile ile ya mtu aliyeshiba.

Tazameni pia jinsi shule zetu zinavyoongozwa. Mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya makubaliano na makanisa, nayo yakarudishiwa uongozi wa shule hizo. Tangu hapo Serikali ndiyo inayopaswa kulipa walimu, na Kanisa linasimamia shule zake. Mpango huu umewasomesha wengi wetu, wala hatuukatai. Lakini kwa mwenye malalamiko umekuwa nyumba yenye milango miwili, na katika kila mlango amesimama mtu anayemwelekeza kwenye mlango wa pili. Ofisi ya Serikali inasema: nendeni kwa wenye shule. Wenye shule wanasema: mwajiri ni Serikali. Mwalimu anakwenda na kurudi mpaka viatu vinaisha, na yule aliyemtesa anamtazama kupitia dirisha la ofisi.

Asitokee mtu wa kutuambia kwamba nchi yetu haina sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumwandama mtu kwa maneno, vitisho au nguvu ya cheo ili kupata tendo la ngono, na ikaliwekea kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, katika kifungu cha 73, inasema juu ya wenye mkataba wa kazi kwamba mwajiri anafanya kosa zito akimnyanyasa mfanyakazi kwa mambo ya ngono au kwa kumvunja moyo na heshima. Inaongeza kwamba anakosa vilevile akivumilia wafanyakazi wengine watende hivyo. Lisomeni tena neno hilo: akivumilia. Yule anayesema "mimi sikumgusa, nilinyamaza tu" amekwisha kukiri kosa.

Na pale ambapo mkuu wa shule ni padri au mtawa, tusiogope kusema jambo hilo hilo. Barua ya Papa Fransisko Vos estis lux mundi, iliyotolewa tarehe 7 Mei 2019 na kurekebishwa mwaka 2023, inahusu pia anayetumia mamlaka yake kumlazimisha mtu katika tendo la ngono. Inadai majimbo yawe na njia ya kudumu ya kupokea taarifa, iliyo rahisi kwa watu kuifikia, na inakataza kulipiza kisasi kwa aliyetoa taarifa. Anayelinyamazia kosa kwa kisingizio cha kulilinda Kanisa, anakwenda kinyume cha agizo la Kanisa lenyewe.

Tunayafahamu majibu tutakayopewa. La kwanza: jina la shule litachafuka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jina la shule linachafuliwa na kitendo, na aliyekitaja ameonyesha tu uchafu uliokuwapo.

La pili: wasichana wa siku hizi wanajitakia kwa mavazi yao. Basi mtueleze mlinzi wa usiku alivaa nini. Mtueleze mama mwenye ufagio na kitenge kilichochakaa alimshawishi nani. Mnyanyasaji hatafuti nguo, anatafuta mtu asiye na wa kumtetea.

La tatu ni zito zaidi, nalo linastahili jibu: watu watasingiziwa. Ni kweli, mtu anaweza kusingiziwa, na jina la mwalimu mwema likaharibiwa kwa siku moja. Lakini je, leo, bila kanuni, nani analindwa? Leo tuna minong'ono tu, na minong'ono haimwachilii asiye na kosa wala haimkamati mwenye kosa. Malalamiko yakiandikwa, pande zote mbili zikisikilizwa, ushahidi ukipimwa na watu wasio na faida katika shauri hilo, mtu aliyesingiziwa naye atapata mahali pa kusafishwa jina lake.

La nne tunalisikia hasa katika vikundi vyetu: Mkristo husamehe. Ndiyo, husamehe. Lakini msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Mkutano wa wazee hauwezi kuutoa kwa niaba yake ili kazi ziendelee. Tena aliyesamehewa wizi harudishiwi ufunguo wa sanduku.

Tukitaka kujua mwenye mamlaka anapaswa kutenda nini, tukifungue kitabu cha Ruthu, sura ya pili. Ruthu alikuwa mgeni, mjane na maskini, akiokota masuke nyuma ya wavunaji katika shamba lisilo lake. Boazi, mwenye shamba, hakungoja siku atakapomwona analia. Aliwaagiza vijana wake wasimguse, kisha akamwambia Ruthu mwenyewe kwamba agizo hilo limekwisha kutolewa, na kwamba akiona kiu anywe katika vyombo vya watumishi. Jioni Naomi, mama aliyeijua dunia, alimwambia akae katika shamba hilo, maana katika shamba lingine angeweza kutendewa vibaya. Alijua kwamba mashamba hayafanani, na tofauti yake ni neno la mwenye shamba. Wakuu wa shule zetu wamekwisha kulisema neno hilo?

Tunadai mambo matano, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule iwe na kanuni iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani na kusomwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo mbele ya wafanyakazi wote na komite ya wazazi. Pili, wawepo watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja asiyekuwa chini ya mkuu wa shule. Tatu, kila lalamiko liandikwe na kutiwa tarehe, na mlalamikaji apewe nakala. Nne, wakati wa uchunguzi mlalamikaji asihamishwe wala kunyang'anywa darasa. Ikilazimu mmoja wao kukaa kando, awe yule mwenye madaraka. Tano, listi ya walimu wa N.U. wanaongojea mshahara ibandikwe hadharani, ikifuata tarehe ya kuanza kazi. Siku ambayo kila mtu ataona jina lake liko nafasi ya ngapi, barua ya kuchukuliwa usiku haitakuwa na bei tena.

Kuhusu ubakaji tunaongeza neno moja: haupelekwi kwenye komite, wala haumalizwi kwa mbuzi na faini. Aliyetendewa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kumkinga, na shauri lipelekwe mbele ya sheria.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Tumewataja wakubwa, na tumefurahi kuwasikia wakikemewa. Lakini ni nani alipiga mluzi mwalimu mpya wa sekondari alipogeuka kuandika ubaoni? Ni nani alimpiga picha kwa siri na kuisambaza katika simu za wenzake, huku akiongeza maneno machafu? Wengine walifanya; wengi tulicheka; wengine tuliipokea picha na kuituma mbele. Baadhi yetu tutakuwa walimu baada ya miaka michache, wengine makarani, wengine wakurugenzi na maprefe. Kijana aliyezoea kucheka leo, kesho atakuwa na kiti, meza na sahihi. Mnyanyasaji wa ofisini alianza kujifunza akiwa bado kwenye benchi, na hakuna aliyemzuia.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi, katika mkutano wake ujao, kichague watu wawili, msichana na mvulana. Waende kwa adabu katika shule ya parokia yao, wamsalimu mkuu wa shule, na wamwulize swali moja tu: kanuni yenu ya kuwalinda wafanyakazi iko wapi? Akiwaonyesha, wamshukuru na waisome kwa sauti mbele ya kikundi. Asipokuwa nayo, wajitolee kusaidia kuiandika, na warudi mwezi unaofuata kuuliza tena. Warudi hata wakiambiwa kwamba mambo hayo si ya watoto.

Tarehe 1 Desemba itafika, nasi tutaimba. Katika umati huo atakuwapo mwalimu wa mwaka wa tatu, amesimama karibu nasi na kitenge chake cha sikukuu. Ajue siku hiyo kwamba hayuko peke yake, na kwamba Jumatatu atakapoingia ofisini kuuliza barua yake, kuna watu wanaojua tarehe aliyoiomba.