Kabla ya Kumlipa Mpiga Picha



Mwezi huu naomba tuzungumze habari ya mpiga picha wa harusi. Katika kamati zetu jambo hili huachwa mwishoni. Ukumbi umeshalipiwa, chakula kimeshapangwa, mapambo yamemaliza fedha, ndipo mtu mmoja anasema, "Yupo kijana wa pale mtaani, atatupunguzia." Nami nilisema vivyo hivyo alipoolewa binti yangu wa kwanza hapa Mwanza.

Kijana yule alikuwa na kamera nzuri. Baada ya ibada aliwachukua maharusi kwenda ufukweni mwa ziwa, wakakaa huko mpaka jua likazama. Sisi tulikuwa ukumbini tunangoja. Mama yangu, mwenye miaka zaidi ya 80, alichoka, tukamrudisha nyumbani. Picha zilipokuja zilikuwa karibu 600. Mawe ya ziwani yamo, viatu vya bibi harusi vimo, keki imepigwa kila upande. Mama hayumo hata katika moja. Mwaka uliofuata tulimzika, na picha tuliyoiweka juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kadi yake ya mpiga kura.

Simlaumu kijana peke yake. Hakuna aliyemwambia.

Basi dada, usiridhike na albamu anayokuonyesha dukani. Hizo ni picha alizochagua katika harusi nyingi. Mwombe akuonyeshe harusi moja nzima, tangu kuvaa mpaka zawadi, nawe utazame hasa zile za ndani ya kanisa. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga mbele ya gauni jeupe, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zetu zikatoka giza tupu. Ukiona maua ya lesi na macho ya bibi harusi vyote vinaonekana vizuri, huyo anaijua kazi yake.

Mpiga picha wa hapahapa ana faida zake. Anajua kanisa lipi halina madirisha ya kutosha, na mchungaji yupi hataki watu wazunguke madhabahuni wakati wa viapo. Akichelewesha kazi, unajua duka lake lilipo. Lakini muulize kama atakuja mwenyewe au atamtuma msaidizi, maana Jumamosi moja ya Desemba mtu huweza kupokea arubuni za harusi tatu. Muulize pia anavyotunza picha. Zamani filamu moja ilikuwa na picha 36. Siku hizi harusi nzima hukaa kwenye kadi moja ndogo ya kutia mfukoni. Ikipotea, imepotea na harusi. Mpiga picha makini huzinakili mahali pengine usiku uleule.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: bei, arubuni, saa ya kufika na kuondoka, picha atakazosafisha, na siku ya kuleta albamu. Fedha iliyobaki mpe ukishapokea kazi. Mpwa wako naye mwandikishe. Ndugu ndio wagumu kudai. Na kama hupendi picha za wanao zitangaze biashara yake mtandaoni, mwambie mapema, nalo liandikwe.

Binti wa pili alipoolewa niliandika majina ya wazee 12, nikampa shangazi yake asimame kando ya mpiga picha akiwaita mmoja mmoja. Walipigwa mara tu tulipotoka kanisani, chini ya mwembe, kwa sababu jua la saa saba hutia weusi chini ya macho. Ilichukua dakika 20, maharusi wakaenda zao ziwani. Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza. Aliletewa kiti, akakataa kupigwa mpaka afuatiwe khanga yake mpya kwenye gari.